Antena za waya kwenye mnara: dalili na tiba kwa bendi za mita 160, 80 na 40, Mtwara na Lindi

Maswali ya wana-redio wa ridhaa kuhusu bendi za chini huku kusini yanafanana sana. Mtu ana mnara wa mita 15 au 18, juu yake kuna Yagi (antena ya mabomba inayoelekezwa upande mmoja) ya bendi za juu, naye anataka kutundika waya wa kumfikisha mita 80 au 160. Anautundika, anarusha, halafu simu inaanza: "Kaka, SWR ni moja nukta mbili, mbona hakuna anayenijibu?" (SWR ni kipimo cha nguvu zinazorudishwa na antena; 1 ndiyo bora kabisa.) Mara nyingi haihitajiki antena mpya, wala kipaza nguvu. Tatizo liko kwenye kiungo kilicholiwa na chumvi, kwenye ardhi iliyosahaulika, au kwenye waya ambao ni mzima kabisa ila haufai kwa kazi uliyopewa.

Vifaa vya kukaa navyo ni vichache: kipima antena kidogo kama NanoVNA, multimita, redio ndogo ya AM ya betri, na daftari. Daftari ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Siku antena inapotundikwa, andika SWR kila kilohezi 50 na masafa ambayo iko chini kabisa. Bila rekodi hiyo, miezi sita baadaye hutajua kilichobadilika.

Kabla ya lolote: usipande mnara peke yako, na usipande bila mkanda wa usalama wenye kamba mbili, ili moja iwe imefungwa wakati wote unapohamisha nyingine. Waya wa antena usipite juu wala chini ya nyaya za umeme, hata kama "ni za nyumbani tu". Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, acha kazi.

SWR ni nzuri, lakini hakuna anayenisikia

Hii ndiyo inayopoteza muda wa watu kuliko zote, kwa sababu kipimo kinakuambia mambo ni shwari.

Chanzo cha kwanza hakihusiani na antena. Mchana, tabaka la chini la anga linalochajiwa na jua hunyonya mawimbi ya mita 80 na 160. Saa kumi na moja alfajiri ulikuwa unasikia watu, saa nne asubuhi kimya. Hakuna kilichoharibika. Jaribu tena jua likizama, na mchana hamia mita 40.

Cha pili ni kebo iliyoingia maji. Kebo iliyooza hula nguvu zinapokwenda na hula tena zinaporudi, kwa hiyo SWR inaonekana nzuri kutoka ukingo mmoja wa bendi hadi mwingine. Hapo ndipo pa kushtukia: dipoli halisi (waya wa nusu ya wimbi unaolishwa katikati) ya mita 80 haiwezi kuwa na SWR ya 1.3 kuanzia megahezi 3.5 hadi 3.8. Ikionyesha hivyo, kuna kitu kinageuza nguvu zako kuwa joto.

Upimaji ni rahisi. Chomoa kebo kwenye antena, iache ncha ya mbali ikiwa wazi, kisha pima kwa kipima antena ukiwa upande wa redio. Usirushe kwa redio katika hali hii. Kebo nzima itaonyesha SWR ya 10 au zaidi. Ikionyesha 3, nusu ya nguvu zako hazifiki juu. Kata mita moja kutoka ncha ya mnarani na utazame wavu wa shaba. Ukiwa mweusi au wa kijani, kata mita nyingine. Ukiendelea kuwa mweusi, kebo hiyo ni ya kutupa, hata kama bei yake inauma. Kwa bendi hizi si lazima ununue kebo nene. RG-58 ikiwa nzima inapoteza kidogo tu kwa mita 30. Kebo nyembamba nzima ina faida kuliko nene iliyolowa.

Maji huingilia konektani. Ziba kwa tepu ya kawaida kwanza, kisha mpira unaojishika wenyewe, uuvute hadi uwe nusu ya upana wake, kisha tepu nyeusi juu ili jua lisiule. Kebo itengenezee mkunjo wa kwenda chini kabla ya kuingia kwenye kiungo, matone yadondokee hapo. Usitumie ile silikoni ya dukani yenye harufu ya siki: asidi inayotoka ikikauka ndiyo inayoila shaba uliyotaka kuilinda.

Chanzo cha tatu kinawapata wenye L iliyopinduliwa, yaani waya unaopanda sambamba na mnara kisha kulala kuelekea mnazi au nguzo. Kwa mita 160 jumla yake ni kama mita 39: mita 18 wima na 21 za ulalo. Antena hii ni nusu tu ya mfumo, nusu nyingine iko ardhini. Ukiwa na fimbo moja ya ethi kwenye mchanga wa Shangani, Mtwara, au juu ya mwamba wa matumbawe ambao hata jembe haliuingii, udongo unaongeza ukinzani wake. Omu 25 za antena na 25 za udongo zinakupa 50, SWR inakuwa 1 kwa 1, na nusu ya nguvu inapasha mchanga.

Ndiyo maana, ukianza kulaza nyaya za ardhini, SWR ya L *ikipanda* kuelekea 2 ni habari njema. Hasara inapungua. Laza nyaya 16 kwanza, kisha 32, za urefu wowote kati ya mita 15 na 30, zikitawanyika kutoka mguuni mwa antena. Zikiwa zimelazwa ardhini hazihitaji kipimo kamili. Zifukie kidogo, shaba inayong'aa juani haikai wiki bila kuibiwa. Ukikosa nafasi ya kulaza nyingi, nyaya 2 hadi 4 zilizoinuliwa mita 2.5 hadi 3 zinafanya kazi vizuri, ila hizo lazima ziwe na robo kamili ya wimbi, takriban mita 39 kwa mita 160 au 19.5 kwa mita 80, na watoto wasizifikie. Kurekebisha SWR kuje mwisho, kwa koili ndogo au transfoma mguuni.

Dar wananisikia vizuri, Ulaya hawanisikii (au kinyume chake)

Hapa hakuna kilichoharibika. Umechagua waya wa kazi nyingine.

V iliyopinduliwa (dipoli iliyoinuliwa katikati, miguu ikishuka pande mbili) ya mita 80 ikiwa mita 18 juu iko chini ya robo ya wimbi kutoka ardhini. Nguvu zake nyingi zinapanda moja kwa moja na kushuka karibu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 400 kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo antena hii ni ya Dar, Songea, Masasi na Nachingwea. Usiilaumu kwa kutofika Ulaya. L iliyopinduliwa, au waya wima wowote, inatupa mawimbi chini kuelekea upeo wa macho: inafika mbali, lakini watu wa Masasi yatawapita juu ya vichwa.

Ukiniuliza, mwenye mnara mmoja wa mita 18 aanze na V ya mita 40. Kwa urefu huo iko karibu na nusu ya wimbi na inafanya kazi zote mbili kwa kiasi. Kisha aongeze V ya mita 80 kwa mazungumzo ya nyumbani usiku, pale mita 40 inaporuka na kuwaacha wa karibu. Mita 160 ije baada ya hapo, kwa L, na akiwa tayari kulaza nyaya za ardhini.

Jambo moja linageuza ushauri huu: maji ya chumvi. Mnara ukiwa karibu kabisa na ghuba, Mikindani, Lindi mjini au kwenye mikoko na mashamba ya chumvi, anza na antena ya wima hata kwa mita 80. Bahari ni ardhi bora kuliko nyaya zote utakazolaza. Ukilaza nyaya hadi ufukweni tegemea SWR icheze na maji kupwa na kujaa. Si ugonjwa huo.

SWR haishuki hata nikikata waya

Hesabu ya kuanzia ni 143 gawanya kwa megahezi, unapata mita za dipoli nzima. Kwa 3.65 ni mita 39.2, kwa 7.1 ni mita 20.1. V huwa fupi kidogo, na waya wenye ganda la plastiki nao huwa mfupi zaidi. Anza na mrefu, kunja ncha badala ya kukata mpaka uridhike.

Ukikunja na kukunja na SWR imegoma kwenye 2 au 3, angalia kwa mpangilio huu.

Kwanza pembe. Miguu ya V ikibanana chini ya digrii 90, ukinzani unashuka na SWR haiwezi kuwa nzuri. Kwenye mnara wa mita 18, V ya mita 80 ikiwa na ncha kwenye kimo cha mita 4.5 ina pembe ya zaidi kidogo ya digrii 90. Ukizishusha ncha hadi mita 3 ili kufupisha kamba, umeshavuka. Ongeza kamba, sogeza nguzo mbali.

Pili, kebo yenyewe imekuwa sehemu ya antena. Dalili yake ni SWR kubadilika ukiishika kebo au ukiongeza kipande. Weka choki (koili ya kuzuia nguvu zisirudi juu ya ngozi ya kebo) pale kebo inapoungana na waya: mizunguko 12 hadi 14 ya RG-58 kwenye pete kubwa ya feraiti ya aina ya 31. Ile koili ya kebo iliyozungushwa hewani, inayosaidia mita 20, haitoshi kwa mita 80 na 160.

Tatu, mnara na stei (nyaya zinazoushikilia mnara). Mnara wa mita 18 wenye Yagi kichwani unaweza wenyewe kuitikia karibu na mita 80 au 160, na stei za chuma zisizokatwa na vihami nazo hivyo hivyo. Sogeza kilele cha V mita moja na nusu kutoka mnarani kwa mkono wa bomba la plastiki, na wima ya L angalau mita 2 au 3. Ukiona masafa yamehama sana baada ya kusogeza, umempata mhalifu. Kwa stei, dawa ni kuzikata vipande kwa vihami vya kaure, kusibaki kipande kinachokaribia mita 20 au 40. Simama hapa. Kukata stei ya mnara uliosimama si kazi ya mwana-redio na binamu yake. Tafuta mafundi wa minara, wenye stei za muda na winchi. Mnara hauangukii upande unaouchagua wewe.

Ilikuwa nzuri, sasa imehama

Imehama kwenda chini, polepole, wiki hata wiki: waya umerefuka. Shaba laini ya kuwekea umeme nyumbani hunyooka kidogo kidogo, bila kelele. Fupisha, na safari ijayo nunua shaba ngumu au waya wa nyuzi nyingi uliotengenezwa kwa antena.

Inahama alfajiri na kurudi jua likipanda: umande umelowesha chumvi kwenye vihami vya nchani. Hii ni ya msimu wa kusi, kati ya Mei na Septemba, upepo unapoleta rasharasha za bahari na hakuna mvua ya kuziosha. Zishushe ncha, osha vihami kwa maji baridi yasiyo na chumvi, futa kwa kitambaa. Kipande kifupi cha bomba la plastiki kama kihami hakifai pwani. Tumia kirefu, sentimita 15 au zaidi.

Inaruka ghafla upepo ukivuma: kiungo kimelegea. Multimita inasaidia. Dipoli yenye choki isionyeshe mshikano wowote kati ya pini ya kati na ganda la kebo. Ikiwa badala ya choki ina baluni ya transfoma, ionyeshe mshikano thabiti. Namba zikicheza mtu akitikisa kamba, shusha kilele. Tazama hasa pale shaba inapogusa bolti ya mabati: ukiona unga mweupe au wa kijani, ndiyo hapo. Weka bolti za chuma kisichoshika kutu, lehemu kila kiungo cha shaba kwa risasi.

Walio ndani, Newala, Tandahimba, Ruangwa, wana adui ambaye wa pwani hawamjui: salfa. Wakati mikorosho inapopulizwa dhidi ya ubwiriunga, vumbi lile la njano hukaa juu ya waya uliopita shambani na shaba tupu inakuwa nyeusi. Waya wenyewe hautakufa haraka, lakini kiungo kisicholehemiwa kitakuwa na ukinzani kabla korosho hazijaanza kuokotwa. Waya wenye ganda, viungo vilivyozibwa, basi. Na jani la mkorosho likigusa ncha, SWR inahama na jani linaungua.

SWR nzuri kwa wati 10, ikifika 100 inapanda wakati unaongea: pete ya feraiti inachemka, au cheche zinapita mahali. Acha kurusha, zima redio, chomoa kebo, kisha gusa choki. Ikiwa ya moto, ongeza pete ya pili au tafuta kwa nini imebebeshwa mzigo. Usiku, mtu akikaa mbali na kutazama vihami wakati unarusha kwa sekunde chache, ataiona cheche.

Kelele imefunika kila kitu

Mikwaruzo ya ghafla, isiyo na mpangilio, Novemba hadi Aprili, ni radi. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na mita 160 huisikia hata anga la Lindi likiwa safi. Hakuna ukarabati wa hilo, kuna antena ya kusikilizia tu.

Mvumo wa mfululizo ni kitu kingine. Iendeshe redio kwa betri, zima swichi kuu ya nyumba. Kelele ikikatika, iko ndani: chaja za simu, taa za LED za bei poa, inverta, na siku hizi zaidi ya vyote kidhibiti chaji cha sola. Cha sola huimba mchana na kunyamaza usiku. Washa kimoja kimoja umpate, mzungushie feraiti au umbadilishe.

Kelele ikibaki, tembea mtaani na redio ya AM usiku. Inayozidi ukikaribia nguzo fulani, na inayopotea siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, ni vihami vya umeme vyenye chumvi. Andika namba ya nguzo, ripoti kwa shirika la umeme. Usiigonge nguzo, usivute stei yake, hata kama mtandaoni umeona mtu akifanya hivyo.

Wenye eneo watundike antena ya Beverage ya kusikilizia, iliyopata hataza ya Harold Beverage nchini Marekani mwaka 1921. Ni waya wenye urefu wa mita 160 au zaidi, kimo cha mita 2 hadi 3, mwishoni una rezista ya omu 450 iliyoshikwa ardhini, na upande wa redio una transfoma ya 9 kwa 1. Inasikia upande wa rezista. Kutoka kwetu kwenda Ulaya rezista ikae kaskazini-kaskazini-magharibi. Udongo mbaya unaoua L ndio unaoifaa Beverage, kwa hiyo mchanga wa uwanda wa Makonde ni mahali pake. Nguzo za mti ziwekee dawa ya mchwa, na uwaambie wenye shamba kabla trekta haijaukuta.

Maikrofoni inauma, kompyuta inajizima

Nguvu zinarudi chumbani kwenye ngozi ya kebo. Choki ya juu ndiyo dawa ya kwanza, ya pili iwe pale kebo inapoingia nyumbani. Kama bado, ncha ya waya iko karibu mno na nyumba, isogeze. Ncha ndizo zenye volti kubwa kuliko sehemu yote ya waya, kwa hiyo kuziinua ni kwa ajili ya usalama wa watu wanaopita pia.

Waya unakatika kila msimu

Karibu kila mara mnazi ndio unaoukata. Mnazi unayumba, waya hauyumbi. Pitisha mshipi wenye chubwi juu ya tawi, vuta kamba, weka kapi, na mwisho wa kamba ning'iniza kidumu cha lita 5 chenye mchanga. Upepo ukivuma, kidumu kinapanda na kushuka. Kamba iwe ya poliesta; nailoni inanyooka, katani inakaza ikilowa na kuoza kabla ya msimu kwisha. Wavuvi wa sokoni wanajua ipi inadumu juani, waulize.

Kamba ikikwama juu ya mnara, piga picha kwanza kwa kukuza kutoka chini. Ukiona miguu ya mnara imevimba kutu kwenye viungio, bolti zimepotea, au skurubu za kukazia stei zimekula nyuzi, usipande, wala usimlipe kijana apande. Hilo ni la fundi wa minara. Na ukitaka kurefusha mnara ulio karibu na uwanja wa ndege wa Mtwara, Lindi au Nachingwea, pita TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwanza. Leseni yako ya redio ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, haikupi ruhusa ya kimo. Fundi akija, mpe daftari la vipimo, mwonyeshe kebo ipi ni ipi, na chomoa redio zote kabla hajaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.